Mgonjwa Ana Watu Wake



Mke wa mwenzetu mmoja alisimama mlangoni pa wadi, furushi la nguo mkononi. Ilikuwa hospitali ya huko bara, hatuitaji. Mumewe alikwisha kuingizwa ndani. Akaambiwa, "Mama, mwache hapa, nenda nyumbani, tutakuita."

Mama yule alijua kwamba mumewe hakulala sawasawa wiki tatu kabla ya kuanza kusema peke yake. Tena alijua kwamba aliacha dawa za kwanza kwa sababu zilimtetemesha mikono, naye ni fundi wa chuma. Hakuna aliyemwuliza. Siku ya kutoka, mgonjwa alipewa karatasi na vidonge. Alipojiona mzima akaviacha, na kabla ya mwezi kwisha akarudishwa amefungwa kamba.

Sisi hatusemi manesi ni watu wabaya. Ni wafanyakazi kama sisi, na zamu ya usiku twaijua. Nesi aliye peke yake na wadi nzima humwona jamaa kuwa mzigo wa pili. Wengine husema jamaa ndio waliomchokoza mgonjwa, tena watampeleka kwa mganga. Pengine ni kweli. Lakini asiyeelezwa neno hospitalini ndiye atakayekwenda kwa mganga upesi zaidi. Wengine waogopa kutoa siri, na hapo wana haki, maana Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyorekebishwa mwaka 2022, yailinda siri ya mgonjwa. Basi aulizwe mwenyewe ni nani katika watu wake wa kusema naye. (Si kila jamaa afaa. Wako wanaongojea mshahara wake tu.)

Jambo hili si geni katika Afrika. Mwaka 1954 Daktari Lambo alianza kazi kule Aro, karibu na Abeokuta, Nigeria. Wagonjwa walikaa katika nyumba za wanavijiji, kila mmoja na jamaa yake wa kumpikia na kumleta hospitali. Jamaa hakufukuzwa mlangoni. Bila yeye mgonjwa hakupokewa.

Hapa kwetu wadi ya wagonjwa wa akili iko Port Reitz, Changamwe. Mtu wa Likoni avuka feri kwanza, na wa Kisauni avuka daraja, kisha hupanda matatu. Akipoteza kutwa kwa safari hiyo, mshahara hukatwa. Kwa hiyo twadai kwa waajiri ruhusa ya siku mbili yenye malipo, ya kumwingiza mgonjwa na ya kumtoa. Na kwa manesi twaomba robo saa siku ya kutoka: dawa gani, saa ngapi, na dalili ipi ya kumrudisha.

Wenye habari za namna hii wamwone katibu wa tawi. Jina la mgonjwa lisiandikwe.