UMEME WA CHINI YA ARDHI: TUANDIKIANE KWANZA

Ndugu wanachama, husikika mitaani kwetu kauli ya kuwa nguzo ziondoke, na kila nyumba iingiziwe umeme kwa waya uliozikwa. Sisi hatulipingi jambo hili. Waya uliofukiwa hauangushwi na mnazi wala upepo, wala hauning'inii juu ya mabati ya masikini. Lakini waya mbovu uliozikwa hauonekani mpaka umekwisha kudhuru.

Funzo tumekwisha kulipata. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, na tangu Disemba 2009 hata Machi 2010 ikarejea gizani, kwa kuharibika njia ya umeme itokayo bara kwa chini ya bahari. Biashara zilidorora, na maji yakawa shida kwa kukosa pampu. Kilichofichika kikiharibika, kukitengeneza huchukua muda.

Basi kabla ya sururu kugusa ardhi, twataka mambo matatu.

Kwanza, ramani. Mafundi wa umeme na wa maji wakae pamoja, kwani mtaro wa leo hukata bomba la jana. Kila waya uchorwe ulipopita, nakala moja ibaki kwa sheha na moja kwa mwenye nyumba.

Pili, kazi yenyewe. Ardhi yetu nyingi ni mawe ya matumbawe, na fundi mvivu hupenda kuishia juu juu. Uingereza, kwa mfano, desturi ni kuuzika waya wa nyumba sentimita 45 penye njia ya miguu, na 60 penye kupita magari. Ulazwe juu ya mchanga laini, maana jiwe kali hutoboa ganda lake. Juu yake uwekwe utepe wa kumwonya mchimbaji wa kesho. Penye kuvuka njia upite ndani ya bomba, ili siku ya kuubadili uvutwe bila ya kuchimbua tena. Na mwenye nyumba auone mtaro kabla haujafukiwa.

Tatu, gharama, na hapa ndipo penye dhulma. Kuchimba ndiko kunakokula fedha. Kila mtu akiambiwa achimbe wake, atapata mwenye nyumba ya barabarani, na wa uchochoroni atabaki na kibatari. Twasema: mtaa mmoja, mtaro mmoja, na bomba liachwe mbele ya kila mlango, hata wa asiyeweza kulipia leo.

Mwenyezi Mungu, katika aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ametuamrisha deni la muda tuliandike na tuliwekee mashahidi. Wazee nao walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Basi mwanachama asitoe hata senti kwa maneno matupu. Adai karatasi yenye bei, kina na njia ya waya, adai na risiti. Akinyimwa, aje tawini na majirani zake. Mlango wa tawi u wazi.