Kama Ungepewa Kurudi Nyuma



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya michezo ya simu. Msikunje uso. Najua tukisikia neno "gemu" wengi wetu tunawaza kelele za watoto wa kiume na bando linalokwisha kabla ya Jumapili. Lakini iko aina nyingine, na wanaoicheza si watoto peke yao. Ni hadithi. Unasoma maneno machache, unaona picha ya mtu akikutazama, kisha hadithi inasimama na kukuuliza wewe: Utamjibu au utanyamaza? Utaipokea posa hii au utaikataa? Unagusa jibu, na hadithi inafuata njia uliyoichagua. Mmoja unaojulikana sana unaitwa Choices, nao ulitoka mwaka 2016. Majibu ya kawaida ni ya bure. Yale matamu zaidi hulipiwa kwa "almasi", na almasi zikikwisha hununuliwa kwa fedha za kweli.

Mama mmoja aliniambia, tukichambua mchele wa sherehe ya kanisa, kwamba watoto wakishalala yeye huketi na simu mpaka saa sita ya usiku. Anazipenda hasa zile hadithi ambamo mwanamke anakutana tena na mchumba wake wa zamani. "Humo," alisema, "mimi huchagua tofauti." Hakucheka. Ana miaka 22 ya ndoa. Nami sikumcheka, maana ni nani kati yetu asiyekuwa na njia panda moja anayoirudia kichwani huku akiosha vyombo?

Watungaji wa michezo hii wanaijua kiu hiyo. Mwaka 2015 kampuni ya Kifaransa, Dontnod, ilitoa mchezo uitwao Life Is Strange, ambao baadaye uliletwa kwenye simu. Humo msichana mwanafunzi, Max, anagundua kwamba anaweza kurudisha wakati nyuma. Akisema neno baya, analirudisha kinywani. Safari moja anarudi miaka mitano, akamwokoa baba wa rafiki yake asife kwa ajali ya gari. Anaporejea anamkuta baba yu hai, lakini sasa rafiki mwenyewe ndiye aliyepata ajali, naye amepooza mwili. Hapo niliwaheshimu watungaji. Hawakudanganya kwamba kurudi ni bure.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo mchezo wowote wa namna hii hauwezi kutupa. Ndani ya simu, watu wa zamani wanakungoja. Urudi mara kumi, utawakuta wamesimama palepale, hawakuzeeka, hawakukasirika, wala hawana shauri lao wenyewe.

Sisi wa Unguja tunaye mtu aliyerudi kweli. Seyyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, ambalo magofu yake yangali pwani, kaskazini ya mji. Mabinti walifundishwa kusoma tu, kwa hiyo alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kalamu hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye njia panda ya kwanza. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alimwasi kaka yao mwingine, Sultani Majid, na Salme, msichana wa miaka 15, akawa karani wa waasi. Uasi ukashindwa. Baadaye akapatana na Majid, na upande wa Barghash haukupendezwa hata kidogo na mapatano hayo.

Kisha, mjini, nyumba yake ikawa jirani na ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Akashika mimba. Agosti 1866 aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Mtoto alizaliwa huko. Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo, na kabla hawajafika Ujerumani mtoto yule akafariki. Mwaka 1870 mumewe naye alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi isiyokuwa na jamaa yake hata mmoja.

Baada ya miaka 19, mwaka 1885, alirudi Unguja pamoja na watoto wake. Sultani alikuwa Barghash. Salme ameandika kwamba watu wa mjini walimlaki kwa furaha njiani. Kaka yake alikataa kumwona. Alijaribu tena mwaka 1888, mwaka aliofariki Barghash, na safari hiyo pia hakupata alichokitafuta. Alifia Ujerumani mwaka 1924.

Kusema kweli, alikuja na meli za kivita za Wajerumani, huku akidai urithi wake, na mtu hamwendei ndugu yake aliyekasirika akiwa na mizinga nyuma. Lakini hata angekuja kwa mtumbwi, uamuzi wa kufungua mlango ungebaki kwa Barghash.

Yakobo naye alirudi kwa kaka aliyemkosea, baada ya miaka 20 kwa Labani (Mwanzo 32 na 33). Yeye alitanguliza mbuzi na ngamia wa zawadi, akainama mara saba, na mbele yake anamwona Esau anakuja na watu 400. Esau alikimbia akamkumbatia. Tunaisoma habari hiyo haraka kwa sababu tunaujua mwisho wake. Yakobo hakuujua alipokuwa akiinama, na zawadi zile hazikumfunga Esau kwa lolote.

Namfikiria yule mama wa saa sita ya usiku. Bwana wa ndani ya simu hawezi kumkataa. Mumewe, aliyelala chumba cha pili, anaweza, na ndiyo maana ni vigumu zaidi kumwambia: kuna jambo tangu mwaka ule nalitamani tulizungumze. Nilimwambia hivyo. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele.

Kuhusu mabinti zetu wanaoicheza michezo hii, mimi sishauri kuwanyang'anya simu. Keti naye jioni moja, umwulize amechagua nini na kwa nini. Binti asiyekueleza hata neno moja la shuleni atakueleza habari za Max saa nzima, na humo ndani utasikia anavyofikiri juu ya wanaume, uongo na urafiki. Ila manunuzi ya almasi yafunge kwa namba ya siri, na namba hiyo uijue wewe peke yako.