Msiziite Uwongo

Juzi nilikuwa nimeinama kwenye meza ya muuza vitabu vya mtumba, napekua kama ilivyo ada yangu, akaja bwana mmoja na bintiye wa miaka kama kumi na miwili. Mtoto akaokota riwaya yenye picha ya chombo kinachosafiri kati ya nyota. Akaifungua, akazama palepale, akasahau hata jua lililokuwa likimchoma utosini. Baba mtu akampokonya. "Rudisha. Uwongo huu utakusaidia nini? Tafuta kitabu cha maana." Akamnunulia kijitabu cha maswali ya mitihani iliyopita, wakashika njia. Binti aligeuka nyuma mara mbili. Tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia, na leo nautua mzigo huu mbele yenu, ndugu wasomaji.

Mimi si mwalimu wa fasihi wala bingwa wa sayansi. Ni msomaji wa usiku, nisomaye kazi zikiisha na watoto wakilala. Lakini aisifuye mvua imemnyea, na mvua ya riwaya za sayansi ya kubuni na za maajabu imeninyea miaka mingi. Sijaota pembe. Sijaacha swala, wala sijashindwa kulipa kodi ya nyumba kwa sababu ya kusoma habari za majini na za vyombo vya angani.

Uwongo sote twaujua. Ni neno alisemalo mtu ili mwenziwe asadiki lisilokuwapo, apate kumdhulumu. Mtunzi wa hadithi hamdhulumu mtu. Anabisha hodi kwanza: Paukwa! Nasi tunamfungulia mlango kwa ridhaa yetu: Pakawa! Hapo tumekwisha kupatana. Kama hilo ni uwongo, basi bibi zetu waliotulea kwa hadithi za sungura na mazimwi walikuwa waongo, na sijamwona mwenye adabu atakayesimama kulisema hilo.

Tena sisi ni watu wa dini. Nani kati yetu hajafundishwa habari za Nabii Yusufu na ndoto ya mfalme wa Misri? Ng'ombe saba waliokonda wakawala saba wanono. Tangu lini ng'ombe akala ng'ombe? Bwana yule wa mezani angesema ni upuuzi. Yusufu alitafuta maana, akashauri nafaka iwekwe akiba, na Misri ikaivuka miaka saba ya njaa. Aliyempa mwanadamu uwezo wa kukiona kisichokuwapo hakumpa kwa mchezo.

Chukueni mfano wa Nunda, paka ambaye wengi wenu mlisikia habari zake utotoni. Sultani Majinuni alifuga paka. Paka akala kuku, watu wakalalamika. Sultani akasema paka ni wake na kuku ni wake. Paka akaendelea kula mifugo mikubwa, jibu likawa lile lile. Hata siku alipowala wana wa Sultani mwenyewe, ndipo macho yalipofumbuka. Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa vukeni bahari. Mwaka 1818 Mwingereza Mary Shelley, akiwa na umri wa miaka 20 tu, alitoa riwaya yake ya Frankenstein. Mtaalamu kijana anaunda kiumbe kwa viungo vya maiti, kisha anaiogopa sura yake na kukimbia. Kiumbe kile kikamwulia ndugu, rafiki na mke. Pwani yetu na Ulaya zimetoa onyo moja: usilee usichoweza kukirudi. Siku hizi watu wanaunda mashine na kutuambia zinafikiri. Aliyesoma hadithi hizi mbili anajua la kuuliza: paka huyu ni wa nani, na akianza kula watu, nani atamzuia? Kijitabu cha maswali ya mitihani hakina swali hilo.

Wako wengine wasemao kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Hao ndio wanaoniudhi zaidi, maana mwacha mila ni mtumwa. Shaaban Robert, mwana wa Tanga, ambaye jina lake hatulitaji bila heshima, alitutungia Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951. Kusadikika ni nchi inayoelea hewani! Wajumbe wake wanatumwa pande sita, hata mbinguni na chini ya ardhi, na raia wake mmoja, Karama, anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Kumbukeni kwamba wakati ule Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza. Lisilosemeka barazani lilisemeka hewani. Mwaka uliofuata akatupa Adili na Nduguze, ambamo ndugu wenye husuda waligeuzwa manyani. Na Katama Mkangi wa Kenya, katika Walenisi ya mwaka 1995, anamtia mhusika wake, Dzombo, katika chombo cha angani arushwe akafe, naye akafika kwenye nchi ya haki. Ligawe jina hilo ulisome polepole: wale ni sisi. Je, huyo ni Mzungu?

Na kwa kuwa nimeitaja Walenisi, sina budi kusema jambo jingine hata kama si mahali pake. Nilikuwa na nakala yangu. Akaja rafiki, akaiazima kwa siku tatu. Huu ni mwaka wa nne. Nikimkumbusha, anacheka, nikimfuata, amesafiri. Nimezunguka maduka kuitafuta nyingine, nimerudi mikono mitupu. Enyi waazimaji, kukopa arusi, kulipa matanga! Sahani ya jirani mnairudisha, tena na kitu ndani, kwa kuona haya kuirudisha tupu. Kitabu mnakifanya urithi. Tunalia kwamba Waswahili hawasomi, kumbe vitabu vyao vimefungwa makabatini mwa watu wasiovisoma. Rudisheni amana za watu, maana amana ni deni.

Narudi kwa yule bwana. Sisemi ni mtu mbaya. Anatoa fedha zake kwa masomo ya binti, na baba wa namna hiyo ni wa kupongezwa. Lakini anataka mavuno huku akiinyima mbegu maji. Mwaka 1865 Mfaransa Jules Verne aliandika habari za watu 3 waliorushwa kwa mzinga kutoka Florida, Marekani, kuelekea mwezini. Mzinga ulikuwa kosa, maana ungewaua. Lakini Julai 1969 watu 3 waliondoka Florida ile ile kwa roketi, na 2 wakaukanyaga mwezi. Kabla mguu haujafika, fikra ilikuwa imetangulia miaka mia na zaidi. Wala msidhani hayo ni ya mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitalia lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Neno la Kiswahili limekwisha kufika huko juu, nasi tunawakataza watoto wetu kulifuata hata kwa macho ya kitabu!

Enyi wazazi, nyinyi ndio mliorithi lugha ya Nunda na Kusadikika. Wapeni watoto vitabu vya mitihani, ni haki yao. Lakini wapeni na hivi vingine, na jioni waulizeni wameona nini.

Nawe bwana, kama gazeti hili limekufikia, kitabu kile nimekilipia. Nimemwachia muuzaji, amekiweka chini ya meza. Mlete binti akichukue. Wala asirudishe.