Tangazo la Shule Lisomwe Msikitini

Sifa zote njema ni zake Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, Maswahaba zake, na kila anayefuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Kwa kawaida mwaka unapoelekea ukingoni, Ofisi ya Rais TAMISEMI hutangaza majina ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na Januari shule hufunguliwa. Kati ya tangazo hilo na siku ya kufungua shule hutoka karatasi nyingi: fomu ya kujiunga inayotaja sare, madaftari na tarehe ya kuripoti, mwaliko wa kikao cha wazazi, makubaliano ya chakula cha mchana. Baadaye, mwaka ukiendelea, hutoka taarifa ya upimaji wa kidato cha pili na ya mtihani wa kidato cha nne, ambayo yote hufanyika kuelekea mwisho wa mwaka. Mbebaji wa karatasi hizi ni mtoto wa miaka 13 au 14, naye huambiwa tu: "Mpelekee mzazi wako."

Lakini katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita, mzazi huyo yuko wapi? Baba yuko kwenye duara Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo, na namba ya simu aliyoiacha shuleni mwaka jana haipatikani tena. Mama yuko gulioni Katoro au Kahama tangu alfajiri. Mtoto amebaki na bibi yake asiyejua kusoma. Karatasi inakaa ndani ya begi hadi inachanika. Siku hizi walimu wengi hutuma matangazo kwa makundi ya WhatsApp, nalo ni jambo jema. Ila mwenye simu ya kitochi hayumo katika kundi hilo. Baba anapokuja kupata habari, siku ya kikao imepita, siku ya kuripoti imepita, na mtoto amekwisha kuzoea kushinda nyumbani.

Makala hii ina ombi moja tu kwa maimamu, kamati za misikiti na waumini wote: tangazo la shule lisomwe msikitini kila Ijumaa, kama tunavyotangaza msiba na kama tunavyotangaza mchango wa bati la paa. Tena lisiishie kusomwa, bali lifuatiliwe.

Huenda mtu akaona jambo hili ni dogo. Si dogo hata kidogo! Mtoto anayekosa wiki ya kwanza ya shule katika ukanda huu wa dhahabu hakai bure. Machimbo yanamsubiri. Ataanza kwa kusomba maji, kisha ataponda mawe, kisha atabeba viroba vya mchanga kwenye makarasha na mialo, na mwisho ataingia shimoni. Agosti 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, baada ya kutembelea maeneo ya Chunya, Geita na Kahama. Ilieleza habari za watoto wanaofanya kazi chini ya ardhi, na wengine wanaochanganya zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma bila kinga. Zebaki ni sumu inayoharibu mishipa ya fahamu, na mwili wa mtoto ndio unaodhurika zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeihesabu kazi ya machimbo miongoni mwa kazi za hatari ambazo mtoto haruhusiwi kuajiriwa. Sheria ipo, lakini sheria haiendi nyumba kwa nyumba kuuliza nani hakwenda shule.

Na binti? Kwake hatari ni nyingine. Takwimu za utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2010 ziliuweka Mkoa wa Shinyanga, kwa mipaka yake ya wakati ule, mbele ya mikoa yote kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Binti akikaa nyumbani mwezi mmoja, huonekana hana shughuli, na mazungumzo ya ng'ombe huanza. Hapa Waislamu tuseme ukweli bila kuoneana haya. Surat An-Nisaa, aya ya 4, imeamrisha mahari apewe mwanamke mwenyewe. Ng'ombe wanaoingia zizini mwa baba ili kulipa madeni yake si mahari ya Kiislamu, hata kama imamu ndiye aliyefungisha ndoa. Zaidi ya hayo, tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha miaka 30.

Sisi Waislamu wa nchi hii tumezoea kulalamika kwamba tuliachwa nyuma katika elimu. Malalamiko hayo yana msingi wake. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamishenari, na wazee wetu wengi waliogopa kuwapeleka watoto huko wasije wakapoteza dini yao. Lakini tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, shule za kata zimejengwa hadi vijijini. Na kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada iliondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Leo shule ipo ng'ambo ya barabara. Je, mtoto asiporipoti kwa sababu baba hakupata habari, tutamlaumu mkoloni?

Tazameni pia utajiri uliotuzunguka. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Migodi hii inataka mafundi wa umeme, wapimaji wa miamba, wahasibu na wauguzi, na njia ya kufika huko huanzia kidato cha kwanza. Asiyeipita njia hiyo atabaki kuichungulia dhahabu ya kwao kupitia uzio, au ataifuata kwa sururu ndani ya shimo lisilo na nguzo.

Sasa tuirejee dini yetu. Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwafikishia watu jambo kubwa, mnadi alinadi "As-swalaatu jaami'ah", watu wakakusanyika msikitini wakaambiwa. Imam Muslim amepokea habari ya watu wa kabila la Mudhar waliofika Madina wakiwa hawana nguo za kutosha. Uso wa Mtume (S.A.W.) ulibadilika kwa hali aliyoiona. Akamuamuru Bilal akaadhini, wakaswali, kisha akasimama kuwahutubia watu na kuwahimiza watoe. Mmoja katika Answari akaleta mfuko mzito uliokaribia kuushinda mkono wake, na wengine wakafuata, hadi yakawepo marundo mawili, la chakula na la nguo. Hebu zingatieni, ndugu zangu: shida ya watu ilitangazwa msikitini, na watu walivishwa kutokana na tangazo hilo. Je, mtoto anayekosa shule kwa kukosa sare ana tofauti gani na wale?

Najua wapo watakaosema kuwa msikiti si mahali pa matangazo ya dunia, na watatoa ushahidi wa hadithi sahihi ambamo Mtume (S.A.W.) alimkemea anayetangaza msikitini mali yake iliyopotea, na akaelekeza aombewe asiipate. Hadithi hiyo tunaikubali na kuifuata. Lakini makatazo hayo yanamhusu mtu anayetafuta maslahi yake binafsi, kama mnyama wake au biashara yake. Kuwaita waumini katika jambo la manufaa ya umma ni mlango mwingine, na habari ya Mudhar ndiyo hoja. Hata hivyo adabu izingatiwe. Tangazo lisisomwe wakati khatibu yuko kwenye mimbari, kwa kuwa wakati huo tumeamrishwa kunyamaza. Lisomwe baada ya swala. Wala msomaji asiligeuze kuwa uwanja wa siasa au wa kumsifu mtu.

Wengine watasema kuwa shule hizo ni za kisekula. Hawa nao wakumbuke kwamba baadhi ya mateka wa Badri, ambao walikuwa washirikina, walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Answari kuandika. Kusoma ni kusoma. Na kama tunahofia dini ya watoto wetu, basi tusikae mbali na shule, tuingie. Ratiba ya shule za serikali ina kipindi cha dini, na walimu wake hutarajiwa kutoka katika jumuiya za dini zenyewe. Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo linalotahiniwa kitaifa katika kidato cha nne. Ni misikiti mingapi imepeleka ustaadhi katika shule ya kata yake? Kipindi kikipita bila mwalimu, lawama si ya mkuu wa shule.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka nje:

Kwanza, kila kamati ya msikiti imteue muumini mmoja mwaminifu wa kuwasiliana na shule za jirani, awe anapita kila Alhamisi kuchukua matangazo. Akina mama nao wawe na mjumbe wao, kwa sababu mengi wanayoyajua mama kuhusu binti zao hayafiki kwenye safu za wanaume.

Pili, tangazo lisomwe Ijumaa baada ya swala, kwa Kiswahili chepesi, na palipo na wazee lifafanuliwe kwa Kisukuma. Kisha nakala ibandikwe mlangoni mwa msikiti. Misikiti iliyo ndani ya machimbo ndiyo yenye haja zaidi, kwani humo ndimo walimo akina baba waliotafutwa na shule wasipatikane.

Tatu, pawe na daftari la watoto wa waumini wanaostahiki kuingia kidato cha kwanza. Ikifika wiki ya pili ya Januari, imamu aulize: fulani ameripoti? Kama hajaripoti, wazee wawili wamwendee baba yake kwa upole na siri, wasimuaibishe mbele za watu.

Nne, wachimbaji na wanunuzi wa dhahabu Waislamu watoe Zaka. Nisabu ya dhahabu ni gramu 85, na kinachotolewa ni asilimia 2.5. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, dhahabu inayochimbwa ikifikia nisabu hutolewa Zaka inapopatikana, bila kungoja mwaka. Mafakiri na maskini ndio wa mwanzo kutajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na mtoto wa fakiri asiye na viatu vya shule yumo humo.

Tano, wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wasisahauliwe. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwaruhusu warudi shuleni. Zinaa ni dhambi kubwa na hatuipunguzii uzito wake. Lakini Allah hakuufunga mlango wa toba, basi sisi ni nani hata tuufunge mlango wa elimu?

Lipo tangazo moja ambalo lastahiki kuanza kusomwa Ijumaa hii. Kwa mabadiliko ya mtaala yaliyoanza kutekelezwa Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka 6 badala ya 7, na kwa mpango huo mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba yatahitimu pamoja. Maana yake ni kwamba madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja, na nyumba yenye watoto wawili wanaofuatana itahitaji sare mbili na mahitaji mawili kwa wakati mmoja. Mzazi aliyesikia mapema ataweka akiba kidogo kidogo. Asiyesikia atachagua mmoja, na twajua ni nani huachwa nyumbani: mara nyingi ni binti.

Enyi akina baba, Surat At-Tahrim, aya ya 6, imetutaka tujikinge na Moto sisi pamoja na watu wa nyumba zetu, na kila mmoja wetu ataulizwa juu ya aliowekwa kuwachunga. Siku hiyo haitafaa kusema sikupata barua, ilhali tulikutana msikitini kila Ijumaa na hakuna aliyeuliza. Nanyi vijana wanafunzi, karatasi mnayopewa na mwalimu ni amana. Ifikisheni siku ile ile.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaongoze watoto wetu katika elimu yenye manufaa, awalinde na hatari za mashimo na za dunia, na aifanye misikiti yetu kuwa mahali ambapo hakuna mtoto anayepotea bila kuulizwa. Aamin.

Wabillahi Tawfiq.