Kijana wa data, ufunguo wa ghala umeuweka wapi?

Pitia matangazo ya kazi za teknolojia jijini Nairobi, iwe ni benki, sacco, kampuni ya bima au zile apu za mikopo, na mara kwa mara utakutana na majina mawili yanayoandamana kama pete na kidole: Spark na S3. Vijana wanaomaliza kozi za data wanayaandika yote mawili kwenye wasifu. Sawa kabisa. Lakini katikati ya vitu hivi viwili kuna mistari michache ya msimbo inayoviunganisha, na hapo ndipo pesa za kampuni na siri za wateja huponea au hupotelea. Kozi nyingi huipita mistari hiyo mbiombio. Hebu sisi tusimame hapo kidogo.

Ichukue Spark kama kinu cha kusagia mahindi. Ilianza 2009 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mikononi mwa Matei Zaharia akiwa bado mwanafunzi wa uzamifu, na leo ni mradi wa wakfu wa Apache ambao mtu yeyote anaupakua bure. Kazi yake ni kuigawa data kubwa kwa tarakilishi nyingi ili zipige hesabu kwa pamoja. S3 nayo ni ghala. Amazon ililifungua Machi 2006. Unaweka faili zako ndani ya kile wahandisi wanakiita ndoo, unalipia ukubwa wake, na ndoo yenyewe haijai.

Enzi za Hadoop kinu kilijengwa ndani ya ghala. Data ilikaa kwenye diski za mashine zilezile zilizoisaga, kwa hivyo ukitaka kuongeza nafasi ya kuhifadhi ulilazimika kununua mashine nzima. Sasa vimetenganishwa, na faida yake ni kubwa kwa wadogo. Kampuni ya watu wanane kule Nakuru inaweza kukodisha mashine 20 kwa saa moja, isage, izime, iende nyumbani. Ghala linabaki wazi usiku kucha kwa bei nafuu.

Ila ukitenganisha kinu na ghala, lazima kuwe na barabara. Na barabara zetu unazijua: kuna cess, kuna kizuizi, kuna askari anayetaka kuona kitambulisho.

Tuanze na cess. Kuingiza data kwenye wingu ni bure. Kuitoa ndiyo inalipiwa. Kwenye vituo vya Amazon vya Marekani, bei ya kawaida ya kupeleka data nje kwa intaneti huanzia dola 0.09 kwa gigabaiti. Terabaiti moja ni kama dola 90, yaani zaidi ya Sh11,000, na Cape Town bei iko juu zaidi. Ukiweka ndoo yako bara moja na kinu chako bara jingine, kila ripoti ya asubuhi ina nauli yake.

Hiyo wengi wanaijua. Wasiyoijua ni ile ya ndani. Kinu na ghala vikiwa kituo kimoja, data hupita bure, lakini sharti ipite njia ya moja kwa moja. Mtandao wako wa faragha ukiwa umepangwa ili kila kitu kitokee kwenye lango la pamoja la intaneti, Amazon hutoza takriban dola 0.045 kwa kila gigabaiti inayopita langoni, hata kama ghala liko jengo la pili. Injini inayosoma terabaiti moja kila siku itakula karibu dola 1,350 kwa mwezi, zaidi ya Sh170,000. Pesa hizo zinatosha kumwajiri mhandisi chipukizi. Njia ya moja kwa moja kwenda S3 ipo na haitozwi chochote, ila lazima uifungue mwenyewe kwenye mipangilio. Hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha, bana.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani hadi siku ya maafa. Spark ikiandika matokeo, kwa kawaida huyaweka kwanza kwenye folda ya muda, kisha kazi ikiisha inaibadilisha folda hiyo jina. Kwenye diski ya kawaida hilo ni tendo la mara moja. Lakini S3 haina folda za kweli, wala ndoo za kawaida hazina amri ya kubadilisha jina. Anachofanya msimbo wako ni kunakili kila faili kwa jina jipya, kisha kuifuta ya zamani, moja baada ya nyingine. Kazi ikikatika katikati, unabaki na nusu ya faili huku na nusu kule. Tuseme ni orodha ya gawio la wanachama wa sacco. Nusu wataonekana, nusu hawataonekana, na ripoti itafunguka vizuri tu bila kupiga kelele.

Dawa yake ipo tangu 2018, Hadoop 3.1 ilipoleta njia maalum za kukamilisha uandishi kwenye S3 bila kubadilisha majina. Baadaye mifumo ya majedwali kama Delta Lake na Iceberg ikaja na suluhisho lake. Hata hivyo, mafunzo mengi ya bure mtandaoni bado yanakuonyesha ile njia ya zamani kwa sababu inafanya kazi kwenye laptopu yako.

Sasa tufike kwa askari wa kizuizini, maana hapa si mchezo.

Ili Spark ifungue ndoo, lazima ijitambulishe. Njia rahisi, ile ambayo mwanafunzi huifundishwa siku ya kwanza, ni kuchukua funguo mbili ndefu za Amazon na kuzibandika ndani ya msimbo. Inafanya kazi papo hapo. Kisha msimbo unapelekwa GitHub ili mwajiri mtarajiwa auone, na funguo zinaenda nao. Kuna programu za wahalifu zinazopekua GitHub mchana na usiku zikitafuta funguo kama hizo tu.

Usidhani ni balaa la wanafunzi peke yao. Mwaka 2014 mhandisi wa Uber aliacha ufunguo wa aina hii hadharani kwenye GitHub, na mtu akautumia kufikia taarifa za maelfu ya madereva. Mwaka 2016 mambo yakajirudia. Safari hii wadukuzi waliingia kwenye kurasa za faragha za wahandisi wa kampuni hiyo, wakakuta ufunguo, wakafungua ghala la S3 na kubeba taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva. Uber iliwalipa wadukuzi dola 100,000 na kukaa kimya mwaka mzima. Mwaka 2018 ikakubali kulipa majimbo ya Marekani dola milioni 148, na Oktoba 2022 aliyekuwa mkuu wake wa usalama, Joe Sullivan, akapatikana na hatia ya kuficha udukuzi huo. Kampuni tajiri, wahandisi wa kutajika, na bado ufunguo ulikaa kwenye msimbo mara mbili.

Njia bora unaijua tayari ikiwa umewahi kuingia jengo la ofisi pale Upper Hill. Unaacha kitambulisho kwa askari, unapewa beji ya mgeni, jioni unairudisha. Kwenye wingu ni vivyo hivyo: mashine inayoendesha Spark hupewa dhamana yake, na dhamana hiyo huipa vitambulisho vya muda vinavyokufa baada ya saa chache. Hakuna ufunguo wa kubandika, kwa hivyo hakuna wa kuvuja GitHub.

Lakini beji nayo ina mitego. Katika udukuzi wa benki ya Capital One mwaka 2019, mhalifu hakuiba ufunguo wa kudumu. Alihadaa seva iliyopangwa vibaya ikampa vitambulisho vyake vya muda, na dhamana ya seva hiyo ilikuwa imeruhusiwa kusoma ndoo chungu nzima ambazo haikuzihitaji. Watu kama milioni 100 wa Marekani na milioni sita wa Kanada waliathirika, na mwaka uliofuata benki ikapigwa faini ya dola milioni 80. Beji ya mgeni wa orofa ya tatu haifai kufungua orofa zote.

Kwa nini tunayasema haya leo? Kwa sababu Kenya inajenga maghala. Mei 2024, Rais William Ruto akiwa Marekani, Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa dola bilioni moja unaojumuisha kituo cha data Olkaria. Wanasiasa wanapenda kuhesabu mabilioni na ajira. Kwangu mimi, saruji ya Olkaria haitakusaidia kitu ikiwa kijana aliyeajiriwa juzi bado anatumiwa funguo za ghala kwa WhatsApp, na kosa hapo ni la bosi kabla halijawa la kijana. Mwajiri anayempa mkufunzi ufunguo unaofungua kila kitu kwa sababu ni haraka ndiye aliyeacha mlango wazi.

Sheria iko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka masharti kabla ya data ya Mkenya kuvushwa mpaka, na kubonyeza kituo cha Virginia badala ya cha Cape Town tayari ni uamuzi wa kisheria, hata kama unafanywa na mse wa miaka 23 saa tano usiku. Faini ya juu ambayo Kamishna wa Data anaweza kutoza ni Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiwango kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa benki kubwa hizo ni pesa za chai. Kwa kampuni changa nayo, faini haizidi asilimia moja ya mapato yake.

Kwa hivyo ukiitwa mahojiano ya kazi ya uhandisi wa data, nawe pia uliza. Ndoo zenu ziko kituo gani? Spark yenu inajitambulisha kwa dhamana au kwa funguo? Nani anaweza kufuta? Wakikukodolea macho, umepata jibu. Na ukishaajiriwa, wakikutumia funguo za kudumu, omba dhamana badala yake, na uombe kwa maandishi. Sheria inaipa kampuni saa 72 tangu kugundua uvujaji kumjulisha Kamishna, na ndani ya saa hizo wataanza kutafuta ni nani aliyekuwa na ufunguo.