Daftari la wiki: Gazeti la bure, kodi ya WhatsApp na amri ya kuzima

Gazeti la bure. Kabla muuza magazeti hajatandika meza yake asubuhi, kurasa za mbele zimeshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Punde inafuata PDF ya gazeti zima, na aliyeituma anamiminiwa shukrani. Lakini mwandishi aliyeshinda mahakamani akifuatilia kesi ya ardhi hula kwa nakala ile ambayo hatukuinunua. Tunalalamika kwamba vyombo vyetu havichimbui habari. Kuchimbua kuna nauli, kuna wakili, kuna miezi ya kusubiri nyaraka. Tununue gazeti, japo la Jumapili.

Kodi ya WhatsApp. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kuingia WhatsApp, Facebook au Twitter. Muuza nyanya anayepokea oda kwa simu alitozwa sawasawa na mwenye kiwanda. Wengi wakakimbilia VPN ili kuikwepa. Mwaka 2021 kodi ile iliondolewa, ikaja ya asilimia 12 kwenye bando. Anayeumia ni yule yule anayenunua bando la siku, tena la bei ya chini kabisa.

Kifungu cha 29. Hukumu moja ya Kenya inafaa kusomwa kila mara. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikitangaza kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kuwa kinyume cha Katiba. Kijana mmoja alikuwa ameshtakiwa kwacho kwa maneno aliyoandika Facebook. Kifungu kilitaja ujumbe wa kuudhi au wa kutia watu wasiwasi bila kueleza mpaka wake, na raia asiyejua mpaka hawezi kujua amevunja nini. Aliyechafuliwa jina hakunyimwa haki yake: mlango wa kesi ya madai uko wazi.

Kuzimika na kuzimwa. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwingineko. Tukaambiwa chanzo, mafundi wakaingia kazini. Kuzimwa kwa amri ni jambo jingine kabisa. Uganda, siku ya uchaguzi wa Februari 2016, mitandao ya kijamii ilifungwa pamoja na huduma za fedha kwa simu. Januari 2021 ikazimwa intaneti yote. Tanzania nayo intaneti ilizimwa Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura. Saa ambayo mtu anahitaji mno kujua nduguye yuko salama ndiyo saa anayonyimwa njia ya kumuuliza. Amri nzito namna hiyo iandikwe, itaje kifungu cha sheria, iseme inaisha lini, na raia yeyote aweze kuipinga mahakamani siku hiyo hiyo.