Kabla ya Kuuliza Bei ya Gari la Umeme

Mwalimu mmoja wa Ndanda, ambaye yeye na mkewe muuguzi wana shamba la mikorosho, ametuandikia akiomba shauri. Fedha za korosho wamekwisha kuzipokea kupitia chama chao cha msingi, nao wamekubaliana kununua gari dogo la kuwapeleka Masasi mara mbili kwa juma. Mwalimu ametazama picha za magari ya umeme yaliyokwisha kutumika Japani, akaona bei yake si ya kutisha, na petroli haitamhusu tena. Mkewe hakukataa, bali aliuliza swali moja ambalo mwalimu alishindwa kulijibu: “Baba, siku likizimika hapa Ndanda, tutamwita nani?”

Ndugu msomaji, safu hii inaona kuwa mama huyo ameanza penye uzito wa jambo lenyewe. Wafanyakazi wa mijini waliozoea mshahara wa kila mwezi huenda wasione haraka ukubwa wa swali lake. Katika wilaya za Masasi na Newala fedha za maana huja mara moja kwa mwaka, baada ya minada ya MAMCU na TANECU. Atakayekosea ununuzi wake msimu huu atangoja mikorosho itoe maua tena kabla ya kulisahihisha kosa hilo.

Tuanze na yale ambayo mwalimu ameyapima vema. Kutoka Ndanda hadi Masasi ni kama kilomita 40, yaani 80 kwenda na kurudi. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 13 kwa lita moja litatumia zaidi kidogo ya lita sita. Kwa bei ambayo miaka hii ya karibuni imekuwa ikicheza karibu na Sh. 3,000 kwa lita, safari hiyo ni zaidi ya Sh. 18,000. Gari la umeme litahitaji kama yuniti 15, tukihesabu na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa mteja wa daraja la T1, ambaye yuniti humfikia kwa kama Sh. 356 pamoja na kodi na tozo, hizo ni kama Sh. 5,300. Tofauti ni kubwa, wala hatuna haja ya kuibishia.

Lakini mwalimu aangalie LUKU yake. Ikiwa nyumba yake iko katika daraja la watumiaji wadogo, wale wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, ajue kuwa safari nane za Masasi pekee ni yuniti 120. Atatoka katika daraja hilo, na taa, redio na jokofu vyote vitaanza kulipiwa kwa bei ya juu. Hesabu ya gari iingizwe pamoja na hesabu ya nyumba.

Sasa tuje kwenye bei. Katika gari la petroli mnunuzi husikiliza injini. Katika gari la umeme thamani karibu yote imo ndani ya betri, nayo haitoi mlio wala moshi wa kumwonya mtu. Tuchukue Nissan Leaf, ambalo ndilo lililo jingi miongoni mwa magari ya namna hii yanayouzwa kwa bei nafuu. Yale ya mwanzo, yaliyoanza kuuzwa Desemba 2010, yalikuwa na betri ya kilowati-saa 24, na vipimo vya Marekani viliyapa kilomita 117 yakiwa mapya. Betri yake haina mtambo wa kuipoza. Mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, lenye joto kali, walilalamika kuwa nguvu za betri zinapungua upesi, na kampuni ikalazimika kuongeza dhamana. Joto la kusini kwetu si la Arizona, lakini si la Japani pia.

Mwalimu apige hesabu hii mwenyewe. Gari la kilomita 117 likibakiwa na theluthi mbili za nguvu zake litakwenda kilomita 78. Litamfikisha Masasi, kisha litamwacha njiani akikaribia nyumbani, pengine na mkewe akiwa na zamu ya usiku. Na siku watakapotaka kupanda uwanda wa Makonde kwenda Newala, mlima utaila betri zaidi, ingawa wakati wa kuteremka gari hurudisha sehemu ya umeme. Toleo lililotoka mwaka 2017, lenye kilowati-saa 40, lilipewa kilomita 243 likiwa jipya, na hilo lingemtosha hata likichakaa kiasi. Bei yake bila shaka ni ya juu. Hata hivyo gari lililozidi miaka minane tangu kutengenezwa hutozwa ushuru wa uchakavu, na ule unafuu wa kwenye picha hupungua siku ya kuligomboa bandarini.

Kwenye dashibodi ya Leaf kuna vipande 12 vya kuonyesha uzima wa betri. Vihesabiwe kabla ya fedha kutoka mkononi. Kuna pia kidude kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu, ambacho hueleza hali ya betri kwa ukamilifu zaidi. Muuzaji anayekataa kipimo hicho aachwe na gari lake.

Kuhusu kuletewa gari, watu wengi husahau kuwa gari la umeme haliwezi kujileta. Kutoka Dar es Salaam hadi Ndanda ni zaidi ya kilomita 500, na hatuoni mtu mwenye akili timamu akienda kwa kuomba soketi ya kuchajia nyumba kwa nyumba kupitia Kibiti na Nangurukuru. Litabebwa na lori, na nauli ya lori ni sehemu ya bei. Barabara yenyewe ndiyo hiyo tunayoijua. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, maji yaliikata eneo la Somanga na kusini ikatengwa kwa siku kadhaa. Kilichozuia mabasi siku zile kingezuia vipuri pia.

Kisha twarudi kwa swali la mama. Ni kweli kwamba gari la umeme halibadilishwi oili wala plagi, na breki zake hudumu. Lakini matairi huisha, bushi za miguu huchoka kwa barabara zetu, na ile betri ndogo ya volti 12 ikifa gari zima haliamki. Hayo fundi wa Masasi atayaweza. Asiloliweza, na asilopaswa kulijaribu kwa bisibisi, ni zile nyaya za rangi ya machungwa zenye volti zaidi ya 300, ambazo zinaweza kumuua. Kwa kazi hiyo hatumwachii mwalimu jibu jingine ila Dar es Salaam, tena kwa lori lile lile.

Majirani wetu wa Kenya wamelitazama tatizo hili kwa namna nyingine. Kampuni ya BasiGo, ilipoanza kuwauzia wenye matatu mabasi ya umeme mwaka 2022, haikuwauzia betri. Mwenye basi alilipa shilingi 20 za Kenya kwa kila kilomita, na ndani ya malipo hayo kulikuwa na betri, umeme na matengenezo. Betri ikichoka, mzigo ni wa kampuni. Mpango kama huo ukifika Masasi, tutamwandikia mwalimu barua nyingine.

Kwa sasa tumemshauri aweke fedha zake benki na kwanza aende Dar es Salaam na mkewe, watafute gereji iliyo tayari kusema kwa maandishi kuwa inatengeneza gari la namna hiyo, na kwa muda gani. Ametujibu kuwa mkewe ameshaomba likizo ya siku nne.